Ndevu za Mtakatifu Yosefu na Shoka la Wakatamiti

Jumatatu, 24 Mei

Siku ya thelathini na nane bila wembe. Nimehesabu nywele za shavu la kulia: mia mbili na kumi na moja. La kushoto sikulihesabu. Lingeniharibia chakula cha mchana.

Mtoano wa mpira wa magongo wa barafuni ukianza, hapa Trois-Rivières, mkoani Québec, hanyoi mtu. Wachezaji hawanyoi, mashabiki hawanyoi, meneja wa benki hanyoi. Mpaka Wakatamiti, timu yetu, watolewe au watwae kile kitu. (Jina lake siandiki. Halitajwi mpaka liwe mikononi. Hata kwenye shajara sithubutu.)

Tumetoshana mechi tatu kwa tatu na wale wa bluu wa Ontario. Alhamisi ndiyo mechi ya kukata shauri. Tukishinda, tunaingia fainali, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili. Na fainali ikifunguliwa, shabiki mmoja hubeba Shoka mpaka katikati ya barafu. Shoka lenyewe, lile walilotobolea barafu ya mto mwaka 1909 wale wasukuma magogo, wakachota maji wakamwaga, wakapata uwanja wao wa kwanza. Hulibeba mtu mwenye kiti cha urithi, aliyefuga ndevu tangu siku ya kwanza.

Wenye sifa mwaka huu tumebaki wawili. Mimi, safu C, kiti cha 14. Na shemeji yangu Normand Pinsonneault, kiti cha 15, kaka wa mke wangu Huguette, msiba wangu wa kila Jumapili. Ndevu za Normand zimejaa kama zulia la kanisani. Leo kaniuliza mbele ya watu kama uso wangu una ukame au nimeugua.

Baba yangu, Adélard Gélinas, alilibeba mwaka 1958. Picha yake iko kwenye mlango mkuu wa uwanja. Ndevu mpaka kifungo cha pili cha koti. Miaka thelathini na mitano watu wanaitazama ile picha, kisha wananitazama mimi, kisha wanaangalia pembeni kwa huruma.

Nalitaka lile Shoka. Sitaki kingine.

Jumanne, 25 Mei

Nimepata dawa! Ndevu zangu si chache, ni nyeupe tu, hazionekani. Zikipakwa rangi zitajitokeza. Huguette ana boksi la rangi ya nywele, kahawia. Maelezo yanasema dakika ishirini. Nikakadiria kwamba mwanamume anahitaji hamsini.

Nikalala kwenye kochi. Nimeamka saa mbili nzima zimepita.

Bluu. Si bluu ya kubahatisha. Bluu ileile ya wale wa Ontario, utadhani nimeishonesha kwa fundi wao.

Nimesugua kwa sabuni, siki, na dawa ya kung'arishia sufuria. Ikazidi kung'aa. Nikajifungia bafuni na wembe. Nilinyoa nikiwa nimefumba macho, ndiyo maana nimejikata mara mbili.

Siku thelathini na tisa, zimeingia kwenye bomba. Na kesho kutwa ndiyo mechi! Tukifungwa, chanzo kitakuwa kidevu changu. Mji mzima utajua. Nitahamia wapi?

Huguette alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Kisha akasema nina kidevu kizuri, hajakiona tangu Aprili, akakibusu. Mwanamke hajui uzito wa jambo.

Jumatano, 26 Mei

Nilikwenda kanisani saa mbili asubuhi. Nikamwambia Padri Lucien nimejitolea kukagua nondo kwenye mavazi ya igizo la Krismasi. Akashukuru sana, akasema miaka kumi hakuna aliyejitolea hata kufuta vumbi. Nikaona haya. Haya hiyo haikunizuia.

Kulikuwa na ndevu za Mamajusi watatu, lakini zina mapambo. Nikachukua za Mtakatifu Yosefu. Alikuwa seremala, kwa hiyo anaelewana na miti. Za kahawia, nzito, zinanuka ubani na dawa ya nondo. Nimezifunga kwa mpira nyuma ya masikio na kuvaa kofia.

Normand kaja jioni kurudisha ngazi. Alinizunguka mara mbili kama mtu anayekagua gari la mtumba. "Shemeji, juzi ulikuwa na ndevu za panya. Leo umekuwa nabii?" Nikamjibu kwa utulivu kwamba kila asubuhi nakunywa shira ya mepo, ule utomvu mtamu wa mti wa mepo, bilauri nzima, kabla ya chakula. Akatoa daftari akaandika.

Ijumaa, 28 Mei

TUMESHINDA. Tatu kwa mbili, dakika za nyongeza.

Jana sikuandika. Dakika sitini nilikaa pale kiti cha 14 nikiwa nimezishika ndevu za Yosefu kwa mikono miwili. Watu walidhani naomba. Kweli niliomba. Kila wale wa bluu walipolikaribia goli letu nilijiona nikipakia virago kwenda kuishi kwa dada yangu Sherbrooke. Kisha kijana wetu wa pembeni akakidokoa kisahani, ule mpira bapa wa barafuni, kati ya miguu ya golikipa wao, taa nyekundu ya goli ikawaka, na mimi nikakaa chini nikalia kama mtoto. Mzigo wa tani nzima ulinitoka kifuani. Sikuua Timu!

Na si hayo tu. Normand, kwa furaha, alipanda juu ya kiti chake akapiga kelele kwamba mwaka huu Kombe ni letu. Alilitaja! (Namnukuu tu, kama ushahidi.) Safu nzima ya C ilifanya ishara ya msalaba. Mzee mmoja alivua kofia. Na safu mbili mbele yetu aligeuka Bibi Éveline Thibodeau, miaka themanini na minane, mjane wa golikipa mkuu Ovila Thibodeau, mwenyekiti wa Baraza la Ndevu na mwenye ufunguo wa kabati la Shoka. Alimtazama tu Normand, kisha akarudisha macho kwenye barafu.

Nimefikiri sana leo. Tulishinda siku niliyokuwa nimenyoa. Miaka ishirini na miwili nafuga, miaka ishirini na miwili hatupati kitu. Hesabu ni rahisi. Kwa hiyo nimenyoa tena asubuhi hii, kwa faida ya Timu.

Duka la pale kona limeishiwa shira ya mepo. Wanaume sita wa safu C wanaumwa matumbo.

Jumapili, 30 Mei

Baraza lilikutana ukumbi wa parokia baada ya misa. Supu ya njegere na pai ya nyama. Normand alijitetea robo saa. Alisema ulimi uliteleza, alisema ni kwa mapenzi, mwisho akasema hakulitaja, walisikia vibaya. Bibi Éveline alimwacha amalize, kisha akamwambia, "Mwanangu, mimi masikio yangu yamezeeka, lakini yale ya safu nzima hayajazeeka. Keti ule supu."

Shoka ni langu!

Nilisimama. Walipiga makofi. Bibi Éveline akasema mtoto wa Adélard ndiye atakayelibeba, na kwamba Jumanne, mbele ya watu elfu tisa, atanikabidhi kama desturi inavyotaka.

Kama desturi inavyotaka.

Kijiko kilinidondoka ndani ya supu. Desturi! Kabla ya kukabidhi, mwenyekiti wa Baraza huvuta ndevu za mbebaji. Mara tatu. Walianza mwaka 1912, baada ya tapeli mmoja kutoka mjini Québec kuja na ndevu za pamba. Zikamtoka mkononi mwa mwenyekiti. Walimtembeza mjini akiwa amekaa kinyumenyume juu ya gogo. Jina la ukoo wake bado halitamkwi mezani.

Normand aliniona nikipauka. Akanipigapiga begani akasema usijali shemeji, ndevu za shira ya mepo haziwezi kung'oka. Sijui anajua nini. Sijapata usingizi wangu wa mchana.

Jumatatu, 31 Mei

Majaribio ya gundi.

Uji wa ngano: zilikaa dakika nne. Zikaanguka kwenye mayai.

Gundi ya karatasi: zilikaa saa moja, nikapiga chafya, zikageuka upande. Jirani alinisalimia akiliangalia sikio langu.

Fundi viatu wa mtaa wa chini ana gundi ya soli. Nikamwambia ni ya kiatu. Akauliza kiatu gani, nikasema kiatu cha ngozi laini, kinachotembea na kuongea sana. Alinipa akaonya nisiishike kwa mkono mtupu. Nimebandika kipande kidogo cha ndevu chini ya kidevu. Kimeshika. Kimeshika sana. Huguette alinivuta nacho kutoka jikoni mpaka sebuleni, nikamfuata.

Nimemwambia ukweli wote. Akauliza kwa nini nisiende kwa Bibi Éveline nikamwambia zilinyolewa kwa bahati mbaya. Nikamwonyesha picha ya baba, nakala yetu ya sebuleni. Akaipangusa vumbi, akasema, "Rosaire, una miaka hamsini na sita sasa. Huyo mzee hakuangalii." Nikasema anaangalia. Akaenda kunipigia pasi shati.

Jumatano, 2 Juni

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika siagi usoni.

Jana ilikuwa hivi. Taa zilizimwa, wakaacha moja tu ya katikati. Walitandika zulia jekundu juu ya barafu. Nikatembea. Watu elfu tisa kimya, nasikia tu gundi ikinivuta ngozi. Juu yangu bendera zote kumi na tatu za miaka tuliyoshinda, na namba za magwiji ambazo hazitavaliwa tena, ya Ovila Thibodeau ikiwa ya kwanza. Bibi Éveline alisimama pale na fimbo yake, mdogo kama kuku wa kienyeji, Shoka likiwa juu ya mto wa mahameli.

Akavuta mara ya kwanza. Zilishika.

Akavuta mara ya pili. Machozi yalinitoka, uwanja wote ukapiga makofi kwa sababu walidhani ni uzalendo.

Akavuta mara ya tatu, na chini ya sikio la kushoto nikasikia ubaridi wa barafu ukiingia. Kona imebanduka. Niliona kila kitu: gogo, mji mzima, Normand akipiga picha.

Bibi Éveline aliinua kidole gumba akaibandika ile kona, polepole, kama mtu anayebandika stempu. Akaninong'oneza, "Baba yako alijua kuzibandika vizuri kuliko wewe."

Kisha akanipa Shoka.

Sijui nilifikaje kwenye duara la katikati. Nililiinua. Lilikuwa jepesi, au mimi ndiye niliyekuwa mwepesi. Uwanja ulinguruma. Katika mechi hiyo ya kwanza ya fainali tuliwafunga wapinzani wetu Wamarekani nne kwa moja, nami sikuona hata goli moja vizuri, kwa sababu nilikuwa namtazama yule bibi tu.

Baada ya mechi alinikalisha pembeni kwenye chumba cha kabati. Kasema baba alikuwa na kidevu kama yai. Tangu ujana, hata udevu mmoja. Mwaka 1958 aliwafuata yeye na Ovila jikoni kwao akilia, na yeye Bibi Éveline akamsukia zile ndevu kwa nywele za mkia wa farasi wa muuza maziwa. Alishona siku tatu. Mwenyekiti wa wakati ule alizivuta na akajua, akanyamaza. "Mnajiona wajanja sana, nyie akina Gélinas," kasema. "Nilimpa Adélard kwa sababu alikuja kila mechi, hata ile ya mafuriko. Na wewe hivyohivyo. Ndevu ni za kuwaridhisha watoto." Akaniambia mwakani nije na kidevu changu mwenyewe, yeye atakishika mbele ya watu wote, na atakayecheka atajibu kwake.

Nilimpigia magoti yule mama. Nililia tena. Sijawahi kupata nafuu kama ile tangu nizaliwe. Miaka thelathini na mitano nilimwogopa mtu mwenye mkia wa farasi! Nilipotoka nilisimama mlangoni, nikaitazama picha, na kwa mara ya kwanza tukatazamana kama baba na mwanawe. Ukiangalia vizuri, upande wa kushoto zimekaa juu kidogo.

Huguette ametumia siagi nusu kilo na maji ya moto tangu alfajiri. Mtakatifu Yosefu amebanduka wote isipokuwa masharubu. Anasema ngozi itarudi. Anaimba akiwa anafanya kazi, nami pia naimba.

Alhamisi, 3 Juni

Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Uso unawaka lakini moyo umetulia. Nimemwahidi Huguette, nimemwahidi Bibi Éveline, na leo nimemwahidi hata Padri Lucien, aliyetaka kujua kwa nini Yosefu amerudi bila masharubu: hakuna hila tena. Mwakani nakwenda na kidevu changu, kama Mungu alivyokiumba. Maneno ya yule bibi yamenibadilisha kabisa. Mtu hupendwa alivyo.

Mchana niliendesha gari mpaka Yamachiche, kupunga upepo tu. Kuna mfugaji pale ana farasi jike mweusi, mkia umefika chini kwenye kwato, unang'aa, huwezi kuutofautisha na ndevu za mwanadamu. Nikamuuliza, kwa kuongea tu, hukatwa mara ngapi kwa mwaka. Kasema mara moja, mwezi Machi.

Nimeweka oda. Mpaka kifungo cha tatu.