Mbuzi Amekataa Kuchinjwa

Mbuzi amekataa kuchinjwa, Mwalimu, na wakwe wanatoka Ruiru Jumamosi!

Kwako Mwalimu Ndinda wa watoto wadogo. Habari ya kazi? Sisi hapa Kiganjo tu wazima, isipokuwa kwa haya mliyotuletea.

Nilifurahi mlipoleta sungura darasani ili watoto wajifunze adabu. Sikujua mtafundisha mpaka mpitilize. Maxine wangu, na sijisifu, hakuna mtoto mwepesi kama yeye Thika nzima, ameshika yote: usimguse mnyama kabla ya kumwomba ruhusa, ngoja jibu, akigeuza uso amekataa. Hongereni sana. Sasa malalamiko.

1. Siokoti yai tena mpaka Maxine ampigie kuku hodi. Kuku akinyamaza, tunakunywa chai tupu.

2. Mbuzi nilimtafuta kwa ajili ya ruracio, siku ya mahari ya Jackie, dada yake Maxine, maana mahari bila nyama ni mkutano wa maombi. Maxine akamwamkua, akamwita Bwana Gerishon, akamuuliza kama yuko tayari. Mbuzi akageuza uso. Najua mbuzi hugeuza uso hata kwa sababu ya nzi, lakini mimi niliyeachia shule darasa la saba nitabishana vipi na msomi?

3. Absalom, mchinjaji wetu, alikuja na kisu. Maxine akamuuliza babu huyo, "Guka, umemwomba?" Mtu mzima aliyechinja Krismasi zote za mtaa huu akaketi juu ya ndoo, akafikiri, akaenda kwake.

4. Hili ndilo limenishikisha kalamu. Juzi tukichambua njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, Maxine alimgeukia Jackie mbele ya shangazi zake: "Na wewe, uliulizwa?" Jackie akageuza uso. Haki, Mwalimu! Huyo Muriithi anayemposa ana duka la mabati na ploti huko Theta! Nani huuliza? Mimi niliulizwa na nani, na si nilikaa, nikazaa?

Kwa hivyo naomba, kabla ya Jumamosi, mumfundishe Maxine kwamba sungura huombwa, mbuzi huarifiwa, na binti huambiwa tarehe.

Nisalimie Mwalimu Mkuu, mpishi, na askari wa geti. Sungura pia, kama atakubali salamu.

Ni mimi mzazi mwenzako katika malezi,
Wamboi, Mama Jackie na Maxine

N.B. Usimfundishe hayo. Jana jioni nilimuuliza Jackie mwenyewe, nikianza kama mzaha. Alilia mpaka nikazima jiko. Anataka kwanza amalize kozi yake ya uuguzi, na huyo Muriithi hata hajawahi kumuuliza anasomea nini. Nimewapigia simu watu wa Ruiru. Wamekasirika, na wakasirike. Lakini njahi imeshaiva sufuria mbili na hema limesimama, kwa hivyo njoo na darasa lote mle mshibe. Ni Jumamosi, saa sita.