Chupa ya Hewa na Mdomo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Makubwa! Mkuu wa kituo katuita, mimi mfagiaji na shemeji mlinzi, mume wa mdogo wangu. Kasema hapa kwenye kupima hewa atabaki mtu mmoja tu. Afagie, alinde, tena apande paani kujaza hewa kwenye chupa za kioo. Sharti: chupa ikiwa wazi, usipumue wala usiseme, pumzi ya mtu imejaa kaboni, inaharibu kipimo. Shemeji kacheka mpaka kashika mlango. Eti mimi kunyamaza, labda nikishavikwa sanda. Tutaona!

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza mkuu hiyo kaboni ina nini hata ipimwe kila siku. Kanionyesha mstari wa vipimo uliochorwa ukutani. Majani yakichipua yanaila, mstari unashuka. Yakipukutika na kuoza, unapanda. Kila mwaka hivyohivyo, ila unapanda kuliko ulivyoshuka, kwa sababu ya moshi wetu sisi watu. Nikamwambia basi ni kama kiuno changu. Kazi zikizidi napungua, sherehe zikija nanenepa, lakini gauni la harusi halinipiti hata mabegani. Kasema mfano wangu unashinda wake. Shemeji kanuna! Kisha mkuu kaondoka na lile gari lake linalotoa moshi kama tanuri. Nikameza maneno yangu. Kazi naitaka.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni nywele! Mstari ukishuka mikononi mwangu, nani atanifukuza? Nimebeba maua yote ya ofisini, pamoja na ule mti wa mkuu anaoutunza kama mwanawe, nikalizungushia bomba la paani linalovuta hewa ya kupimwa. Kuleni, wanangu! Nimekaa nayo mchana kutwa, mgongo kwenye bomba, nampigia mdogo wangu simu kumsimulia mumewe alivyonuna. Tumecheka sana.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mstari umeruka kama mbuzi. Tena umeruka jana mchana tu, mkuu anauliza nani alikuwa kule juu. Nikasema mimi na umbea wapi na wapi, ila shemeji huwa anajificha huko na sigara. Shemeji akaapa, mate yakamtoka. Mti wa mkuu nao umeungua na jua. Hilo sikulitaja. Mkuu kachoka na sisi: kesho kila mtu ajaze chupa, chupa ziamue.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kajaza, kimya kama gogo. Zamu yangu. Nikaelekea upepo, nikabana pumzi, nikafungua. Macho yananitoka, lakini kimya! Mara naona kule chini fundi redio anatoka mlango wa nyuma wa yule mjane mshonaji, jirani wa kituo, viatu mkononi. Mjane aliyeniapia hana mtu! Sasa ungekuwa wewe? Nikapiga ukelele: heee, shemeji, njoo uone! Shemeji akaja mbio, anauliza wapi, wapi. Chupa yake ilikuwa imeshafungwa.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kabaki. Mimi nje. Majibu yametoka: chupa yangu ina namba kubwa kuliko zote tangu kituo kifunguliwe. Kubwa kuliko zote, halafu mshindi eti yeye! Wivu tu huo. Nimewaambia hivyo mtaa mzima, na habari ya fundi redio nikaongezea.
Nimesikia kuna ofisi inapima kelele za barabarani. Wanatafuta mfagiaji, mtu mkimya.
Kesho asubuhi niko mlangoni kwao.