Disiki ya Almasi Haitaki Maji

Jumanne, 4 Juni
Bahati imenikumbuka! Papa Zagabe, babake Lydie wangu, amenipa kazi ya kukata graniti ya kaburi la mama yake. Jumamosi, siku tunayoiita posho, familia inaondoa kilio, yaani inamaliza matanga. Amesema mwenyewe: "Kaburi ikiwa tayari posho asubui, famille yako ikuye kuposa. Isipokuwa tayari, ubakie na mashini yako."

Nimenunua disiki mpya ya kukatia mawe, ukingo wake umejaa chembe za almasi. Muuzaji kaniagiza nikate kwa maji na nisisukume. Maji! Wajomba zangu wanaosha dhahabu Mwenga, najua maji hubeba nini. Almasi zangu zisombwe mpaka ziwani? Sina wazimu.

Jumatano, 5 Juni
Nimekata kavu. Cheche, vumbi, raha. Mchana disiki ikagoma. Inapiga kelele, jiwe halina hata mkwaruzo.

Philémon, fundi jirani anayemkodolea Lydie macho, akaja bila kuitwa. Eti jiwe gumu limelainisha ukingo, almasi zimezama ndani ya chuma. Nikate tofali kidogo, zitachomoza tena. Yaani nizimalizie almasi kwenye tofali! Wivu huo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimesukuma kwa mikono, kifua, tumbo. Disiki ikawa bluu, ikapinda, kipande kikaruka na kutoboa beseni la Maman Agathe, muuza ndizi. Amelaani ukoo wangu wote kwa lugha ya Mashi. Lydie amekuja, ameona jiwe, amelia. Naogopa sana.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemeza kiburi, nimempa Philémon jiwe. Amekata polepole kwa disiki yake, bidoni, yaani dumu, ikidondosha maji, mkono mwepesi kama anapaka siagi. Jioni kamaliza. Nimemsihi asimwambie Papa Zagabe nani aliyekata, akatabasamu tu.

Lakini lile tope jeupe lililotiririka! Ni almasi tupu. Nimekinga makarai matatu.

Jumamosi, 8 Juni
Kaburi linang'aa. Wajomba wamefika kwa Papa Zagabe kuposa, wamevaa suti. Nami nilikuwa nyuma ya karakana, naosha tope kama tunavyoosha Mwenga. Niliwaambia wajomba dakika mbili tu.

Alasiri Lydie akaja kusimama mbele yangu. Aliniambia bila hasira: "Famille yako ilichoka kukungoya, ilirudia kwao. Ya Philémon ndiyo iko inaingia saa hii."

Nimelia, sifichi. Makarai mawili yametoa unga wa jiwe tu. Ila karai la tatu sijaligusa, na almasi, kila mtu anajua, hukaa chini kabisa.