Kumuaga na Kumupokea Kahongya Siku Moja

Mheshimiwa Mugeni wa Heshima, ambaye hakufika lakini kiti chake kimefika; waheshimiwa wajumbe wa comité yangu pamoja na mabibi wenu mulio kivulini; wakaaji wa mutaa wa Mususa; papa Issaka, transporteur mwenye gari; mama Marie-Jeanne, mulimaji wa viazi kutoka Masereka; na wewe Kahongya, binti yake, étudiante, mwanafunzi wetu wa fizikia: nawasalimu kwa jina la Coordination ya Sayansi na Safari, ambayo coordonnateur, mratibu wake, ni mimi. (Makofi. Ya wajumbe peke yao.)

Kama munavyojua, huyu mutoto alipima namna chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, inavyofunga breki ikishuka Masereka na magunia tatu ya viazi, akaandika, akatuma, na wataalamu wa Portugal wakamwita kwenye masomo ya likizo, majuma matatu, pamoja na wanafunzi wa inchi makumi mbili na nane. Lakini barua ya mwaliko isiyopita bureau, ofisi yangu, ni karatasi tu, ndiyo maana niliichukua mimi mwenyewe, pamoja na pasipoti yake, nikazifungia ndani ya armoire, kabati yangu, kwani muntu haendi Ulaya bila kuagwa kiofisi. (Mama Marie-Jeanne: «Tuliomba cachet moja tu, muhuri wa barua, baba.» Anaambiwa akae.)

Sherehe ya kuaga tuliiandaa kwa kiwango cha kimataifa: vikao kumi na moja, sous-commission, kamati ndogo, ya viti, sous-commission ya sucré, soda za wageni. Juma la kwanza, Mugeni wa Heshima alikuwa safarini Beni. Juma la pili, mvua. Juma la tatu, hotuba yangu ya kurasa kumi na nne ilikuwa bado inapigwa mashine. Na wakati huo wote gari la papa Issaka, la kumupeleka kwenye ndege, lilingoja mbele ya bureau, moteur inawaka. (Issaka: «Mais chef, nilizima. Kuku ilishataga mayayi chini ya volant, pale kwenye usukani.»)

Masomo ya Portugal yalifungwa jana. Wengine watasema tumechelewa. Mimi nasema ni rationalisation, kubana matumizi. Donc leo, kwa mara ya kwanza hapa Butembo, tunamuaga na kumupokea mwanafunzi siku moja, chini ya bâche moja, hili turubai, na sucré ile ile, yaani objectif tumeifikia asilimia mia mbili. Na mutambue kwamba amerudi salama, wala hakupoteza sanduku. (Kicheko nyuma. Sanduku liko miguuni pa Kahongya, kamba haijafunguliwa.)

Mwanangu, simama, eleza ulichojifunza. (Kahongya: «Kitu ambacho hakuna anayekisukuma kinabaki pale kilipo, Monsieur le Coordonnateur. Nilikiona kwa macho yangu majuma matatu, mbele ya bureau yenu.» Mususa nzima inapiga makofi. Wajumbe nao wanapiga, wakidhani ni sifa.)

Fizikia safi. Secrétaire, andika kwenye ripoti.

Sayansi, mbele. Safari, mbele. Coordination, mbele zaidi.

Namaliza na shukrani. Asante mwenye bâche, nimekuona, utaibeba sasa hivi. Asante shemeji yangu uliyeniazima depo yako ya maharagi tukaiita bureau. Asante wajumbe, mulioacha mashamba muje kuwa comité. Na wewe mama Marie-Jeanne, asante kwa uvumilivu: karatasi za mutoto utazipata tukivunja armoire, ufunguo ulipotea. Ila ile cachet usiingoje. Coordination haijawahi kuwa nayo.