Matofali ya F.M.

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Nimepata tofali la ishirini na tatu! Lilikuwa limetupwa mtaroni, karibu na karakana za Chang'ombe. Pembe moja imemeguka, lakini herufi zinasomeka: F.M. Nimelifunga kwenye koti, nikatembea nalo hadi nyumbani kama nimebeba kichanga. Mke wangu Demetria kauliza hilo nalo litalala wapi, maana uvungu umejaa. Nimemwomba avumilie hadi Jumamosi. Siku hiyo nitasimama kwenye ukumbi wa mtaa, mbele ya makarani na walimu, niwaambie F.M. aliyeyafyatua alikuwa nani. Alikuwa Fritz Muller, mhandisi wa Kijerumani. Jina nimelibuni mwenyewe, lakini linamkaa vizuri.

Leodegar, karani mwenzangu na, kwa bahati mbaya, mpangaji mwenzangu, anashikilia kuwa F.M. ni Mgiriki. Mgiriki! Ana matofali tisa tu, na mawili kati ya hayo ni vigae.

Jumanne, 4 Agosti

Ugunduzi mkubwa! Bafu la uani la mwenye nyumba wetu, Bi Mwajabu, limejengwa kwa matofali ya zamani. Chini kabisa, kwa nje, lipo moja lenye F.M., na mbele ya herufi hizo kuna kitu kingine. Huenda ni jina kamili! Leodegar anaoga humo kila siku na hajui. Namshukuru Mungu anayewafumba macho wapinzani.

Kesho nitalichomoa, nilizibe pengo kwa udongo. Hakuna atakayejua.

Jumatano, 5 Agosti

Wamejua.

Tindo iliingia vizuri. Tofali likatoka kama jino bovu. Kisha ukuta mzima ukashusha pumzi, ukalala chini. Ndani alikuwa Leodegar, povu toka utosini hadi magotini, kata ya maji mkononi. Akanitazama. Nikamtazama. Nikamwamkia. Ningefanya nini kingine?

Kaumia kidole gumba cha mguu. Bi Mwajabu hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Kasema bafu lile alijengewa na marehemu mumewe. Ukuta usiposimama kabla ya Jumapili, tufungashe virago. Demetria ana mimba ya miezi minane. Kakaa kitandani, juu ya matofali yangu, akaanza kukunja nguo za mtoto. Afadhali angenitukana.

Tofali nimelisugua. Kile kitu mbele ya herufi kilikuwa chokaa.

Alhamisi, 6 Agosti

Mafundi wote wana kazi hadi mwisho wa mwezi. Aliyetuokoa ni Leodegar! Kaja anachechemea. Kasema Kinyerezi yupo fundi mzee anayeyajua matofali haya. Habari hiyo alikuwa nayo wiki mbili, kaificha ili aniaibishe Jumamosi. Kaitoa kwa ajili ya Demetria, si kwa ajili yangu, na nisijidanganye. Kisha kaniazima baiskeli yake. Nimemshukuru hadi kaona haya kwa niaba yangu.

Ijumaa, 7 Agosti

Kazini nimesingizia jino. Kinyerezi nimemkuta mzee anapalilia mihogo. Nikatoa shikamoo, nikamwambia ukuta wetu umeangushwa na mvua.

"Mvua gani mwezi huu?"

Nikasema ilikuwa ndogo, ila kali.

Nikamtolea tofali. Kafuta mikono, kalipokea kwa mikono miwili, kidole chake kikapita taratibu juu ya herufi.

"F ni Fakihi, ndiye mie. M ni Marijani, baba yangu. Enzi ya Mjerumani, mwalimu mmoja alinichorea hizo kwenye majivu. Ndizo herufi ninazozijua mpaka leo. Umelipata wapi hili, mwanangu? Mie sina hata moja."

Nikakaa chini. Miezi minne namtafuta Mzungu! Nikamweleza yote: tindo, povu, Bi Mwajabu, mimba. Kacheka hadi kaegemea jembe. Kisha kaingia ndani kutafuta mwiko wake.

Jumamosi, 8 Agosti

Mzee Fakihi kafika asubuhi kabla hatujanywa chai. Kaukagua ukuta, kasema mengi yamevunjika, yanatakiwa mengine. Demetria katazama uvunguni. Mie nikatazama dari. Tukayatoa yote. Leodegar kaleta yake tisa, pamoja na vigae.

Alasiri ukuta ulikuwa umesimama. Bi Mwajabu kamuuliza mzee uliangushwa na nini. Mzee kaniangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha kajibu kwamba kuta za zamani huchoka. Mungu amzidishie! Lile tofali la bafuni nimempa yeye. Kaliweka kwenye kikapu chini ya mwiko, akarudi kuliangalia mara mbili.

Ukumbini sikuhutubia. Nilimwita mbele nikasema, "F.M. ndiye huyu." Watu wakasimama. Leodegar kampa kiti chake, kasimama kwa mguu mmoja hadi mwisho. Mzee kataja majengo aliyoyafyatulia matofali, na mengine ni yale ambayo sie tukipita tunavua kofia. Demetria kalia waziwazi. Mie niliingiwa na vumbi machoni.

Jumapili, 9 Agosti

Kanisani nimeshukuru kwa kila kitu: paa, bafu, mke aliyecheka tena, hata Leodegar. Nimeapa mbele ya altare kwamba ukuta wa mtu sitaugusa tena maisha yangu yote.

Baada ya misa Leodegar kanigusa kwa kiwiko. Kwenye ua wa katekista Albano kuna chapa ambayo hatujapata kuiona: jembe, na herufi moja chini yake! Tumeenda kumjulia hali. Matofali yenyewe yamebeba tangi lake la maji, na si ukuta, ni nguzo. Nguzo nne. Tumezizunguka mara tatu, mie na Leodegar, tukakubaliana kwa kauli moja: tangi dogo kama lile, nguzo tatu zinatosha kabisa.