Mtungi wa Kontena

Siku hiyo mjinga alikuwa Joab, na mwenyewe hakatai; kisa hicho kikisimuliwa hujicheka kabla ya wenzake. Kijiweni kwa Hussam muuza kahawa, Mji wa Kale, wamembandika jina la Kontena, kwa kuwa kazi yake bandarini ni kupuliza dawa ya wadudu ndani ya makontena.

Alasiri hiyo alifika na mtungi mtupu wa plastiki begani, akakuta mjadala umechacha. Redio ilikuwa imetangaza kwamba watu wengi hula sumu kazini na majumbani bila kujua. Kontena akajisogezea kiti, akaanza kugawa hukumu. Taib Brashi, mpaka rangi, akaambiwa mapafu yake yana koti tatu na bado kupigwa msasa. Hussam akaambiwa kwa moshi wa makaa anaouvuta, akifa hataoza, atakauka kama samaki wa ng'onda. Hata Mwanarusi, mama muuza viazi karai, alisemwa kwa dawa ya mende anayopuliza jikoni hali sufuria zi wazi.

"Sumu yaua wasiojua," alisema Kontena. "Mimi nimekalishwa semina."

Taib akaugonga mtungi kwa ukucha. "Na huu, yakhe, watoka semina gani?"

Ulikuwa wa dawa ya kazini. Kontena akaeleza bila haya: kwao Buxton mifereji ya maji hukauka wiki nzima, na mtungi kama huo haupasuki hata uangushwe ghorofani. Wa kwanza aliupeleka nyumbani mwezi uliopita, ndio wa maji ya kunywa.

Hussam akatua birika. Akauliza tumbo la Emmah, mtoto wa Kontena, lile lililomsumbua tangu wiki jana, laendeleaje.

"Bado lamkata. Minyoo tu, bwana."

"Minyoo gani hiyo," akasema Taib, "iishi kwenye dawa?"

Kontena akajitetea: ameusuuza mara saba kwa sabuni ya unga na majivu, harufu imekwisha. Tena wao hawajui kazi; yeye bandarini haushiki mtungi huo bila glavu na barakoa, na msimamizi akimkuta mikono mitupu humfukuza siku hiyo hiyo.

Mwanarusi alikuwa akigeuza viazi. Hakuinua uso.

"Vyema, baba Emmah. Wewe kuushika tu wavaa glavu na barakoa. Mwanao kunywa ya ndani, wamvika nini?"