Masoka Hupita Makambako Kwanza

Jumatatu, 1 Juni

Baridi kali. Ukungu mpaka saa nne. Vidole havishiki kalamu vizuri, lakini habari ni kubwa na lazima iandikwe. Kimetoka! Kitabu cha tatu cha Ukoo wa Masoka! Miezi kumi na minne nimekisubiri. Kurasa mbili za kuonjesha walizoweka mtandaoni nimezisoma mara ishirini na moja. Rejoice, yule binti wa kidato cha tatu anayesikia wafu wakiitana kwenye msitu wa misindano, anarudi bwenini na kumkuta Sila ameketi kitandani kwake. Sila asiye na kivuli! Sila tuliyemzika mwisho wa kitabu cha pili, nikalia dukani mbele ya mteja aliyekuja kulaminisha cheti cha ubatizo.

Kwa asiyejua Kibena (shajara hii ikija kuchapwa, hawatakosekana): masoka ni mizimu ya waliotutangulia.

Nina miaka thelathini na mitatu. Mama anasema hivi ni vitabu vya watoto wa shule. Mama husoma kitabu cha nyimbo tu, na anaona kinamtosha.

Sasa jambo lenyewe. Mchapishaji ametangaza: msomaji atakayetuma maneno bora kuhusu kitabu hiki kabla ya Jumatano ijayo, pamoja na picha yake akiwa na kitabu mkononi, maneno hayo na jina lake vitachapwa nyuma ya kitabu cha nne. Jina langu. Yunis. Nyuma ya kitabu ambacho Sila naye yumo ndani. Sijawahi kutaka kitu kama hiki, hata kazi sikuitaka hivi.

Tatizo ni Makambako. Kila kinachotoka Dar kuja Njombe hupita kwanza Makambako. Mabasi, mitindo ya nywele, habari za misiba, vitabu. Na pale Makambako, karibu na stendi, yuko Hyasinta na duka lake la vitabu. Ndiye wakala pekee wa mchapishaji mkoa mzima. Tulikaa dawati moja miaka minne. Kitabu cha pili, nyuma, wameandika: "Nilisoma nimeegemeza kiti mlangoni. Hyasinta, Makambako." Mimi ndiye niliyemwambia kwenye simu kwamba nimefunga mlango! Kiti ni chake, nakubali. Lakini mlango ni wangu.

Jumanne, 2 Juni

Nimepata njia. Binamu yangu Hosea anapeleka viazi Dar, Fuso nzima ya magunia ya lumbesa kutoka Kifanya. Nimempigia. Nimemwagiza apite duka kubwa la vitabu ninalolijua mimi, anunue nakala moja, aje nayo kifuani. Nimemkataza kutaja jina la kitabu. Dereva wake ni mtu wa Makambako, na watu wa Makambako wanasikia hata wakiwa wamelala. Aseme tu anataka cha masoka, cha tatu. Wenyewe watajua.

Hosea alicheka. Aliniuliza kwa nini nikanunue masoka Dar wakati kwetu Kifanya wapo wa bure. Nilimwambia awe serious. Alisema hewala.

Alhamisi, 4 Juni

Hosea amefika, ameuza, amenunua. Amesema muuzaji alikuwa mchangamfu sana na kimefungwa vizuri.

Kwenye kundi letu la wasomaji Hyasinta ameandika kwamba mzigo wake unafika kesho, nakala thelathini, tusiwe na wasiwasi. Angela wa Igwachanya, ambaye humshukuru kila mtu kwa kila kitu, ameshukuru. Mimi nimeweka picha ya ua. Ua moja tu. Mwenye akili ataelewa.

Maneno yangu nimeshayaandika, sina sababu ya kusubiri kusoma: "Uji uliungua jikoni, sikunusa." Mafupi. Yana jiko ndani. Hyasinta hana uwezo wa kufikiria uji.

Ijumaa, 5 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Niliomba ruhusa dukani, nikasema naumwa jino. Nikakimbia hadi Fuso zinapoegesha. Hosea akanikabidhi bahasha. Nikaichana palepale, simu tayari kwa picha.

Juu, kwa herufi kubwa: SOKA. Chini yake: Kitabu cha Tatu, Mbinu za Kulinda Lango. Kuna golikipa amepaa hewani na kaptula ya njano.

Hosea alijitetea. Alisema alifuata maagizo. Muuzaji alimuuliza masoka ni nini, naye, kwa kuwa nilimkataza kueleza, alijibu kwamba ni hayohayo masoka, cha tatu, na ni siri. Muuzaji, mtu wa pwani, akacheka mpaka akashika meza, akasema ninyi watu wa bara kila kitu mnakiwekea "ma". Akampa soka. Hosea akasema na kweli alishangaa kidogo kuona mzimu wenye glavu, lakini alidhani ndiyo mitindo ya siku hizi.

Nilimwambia maneno ambayo mwimbaji wa kwaya hapaswi kuyajua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema sura ya penalti si mbaya.

Saa tisa Hyasinta akaweka picha. Nakala thelathini zimepangwa kaunta kama matofali. Angela ameshukuru.

Jumamosi, 6 Juni

Kama mimi sina, basi asiwe nacho mtu.

Nimemwandikia barua Mwinjilisti Yoeli wa usharika mmoja kule Makambako. Ni mtu mkali. Aliwahi kusimamisha harusi kwa sababu ya muziki. Nimeandika: "Mtumishi, dukani kwa Hyasinta, karibu na stendi, kunauzwa masoka. Vijana wanakwenda. Fanya hima. Mpenda Kanisa." Nimeandika kwa mkono wa kushoto, halafu nikaitoa kopi, nikapeleka kopi na kuichana ile halisi, ili hata kalamu isijulikane. Mtu aseme sina akili!

Si uongo. Masoka yanauzwa pale, tena kwa risiti. Kama Mwinjilisti atadhani ni masoka ya kwenye chungu na siyo ya kwenye karatasi, hilo ni la kwake na Mungu.

Konda amesema itafika kabla ya adhuhuri. Nimelala mchana vizuri.

Jumapili, 7 Juni

Barua ilisomwa kwenye matangazo. Neno kwa neno, hadi "Mpenda Kanisa". Nimeipata habari kwa Angela, ambaye shangazi yake anasali palepale.

Nilitegemea wamkemee. Nilitegemea afunge duka wiki moja, basi. Kilichotokea: baada ya baraka, usharika mzima ulishuka kwenda dukani na nguo za ibada. Wazee wa kanisa mbele, kina mama nyuma, vijana pande zote. Hyasinta akawafungulia. Akawaambia masoka ni haya, karibuni. Nusu saa hakikubaki kitu. Watu wasionunua hata daftari la mtoto! Mmoja wa wazee alichukua viwili. Mwinjilisti naye alinunua, akatangaza kwamba ni kwa uchunguzi.

Mpenda Kanisa amemfanyia Hyasinta biashara ya miezi sita.

Halafu nikarudi nyumbani. Umoja wa wanawake wana simu, na simu zao zina kasi kuliko basi. Mama alikuwa ameshasikia kwamba kuna vitabu vya masoka vinaharibu watoto. Mtoto ni mimi. Kitabu cha kwanza na cha pili alivitia kwenye kiroba cha viazi, akavipeleka ofisi ya usharika wetu hapa Njombe, akapewa soda. Rafu yangu nimeikuta tupu.

Ameniachia kile cha golikipa. Amesema hicho kina mafunzo.

Jumatatu, 8 Juni

Hyasinta amekuja. Kwa basi la asubuhi, mpaka dukani kwetu. Alinisalimia, kamwene. Nikaitikia kamwene. Nilidhani amekuja kunicheka, nikajifanya natafuta karatasi chini ya kaunta. Nilitafuta sana.

Aliweka vitu viwili mbele yangu. Cha kwanza ni barua ya Mpenda Kanisa. Mwinjilisti alimpa. Aliweka kidole pembeni, kwenye ule mstari mweusi ambao mashine yetu ya kopi huuacha upande wa kulia tangu mwaka juzi. Wilaya nzima inaujua. Vyeti vya watu vina mstari huo. Kwa nini sikuukumbuka?

Cha pili ni kitabu. Alisema alikitenga tangu Ijumaa, kikiwa na jina langu kwa penseli, na Jumapili alimkatalia mke wa Mwinjilisti mbele za watu. Alisema na yeye hajafungua ukurasa hata mmoja. Alikuwa ananingoja twende kidato cha pili, yaani tusome kama tulivyokuwa tunasoma wakati ule: kitabu katikati, yeye ukurasa wa kushoto, mimi wa kulia, na hakuna kufunua mpaka wote tumalize. Na kuhusu nyuma ya kitabu cha pili, alisema alipeleka majina mawili, lake na langu, wakakata langu kwa sababu ya nafasi. Ameona aibu kuniambia mwaka mzima.

Nilimwambia nimpikie chai. Alisema ana basi. Basi la saa ngapi, hakusema. Akaondoka.

Niliumia. Naandika wazi, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: niliumia sana, mpaka nikamrudishia mteja chenji mara mbili.

Halafu nikapiga picha na kitabu. Nikatuma uji wangu saa sita na dakika nane. Ningefanyaje? Kitabu kilikuwa mkononi tayari.

Jioni nimesoma kurasa sitini. Sila amerudi lakini hamkumbuki Rejoice. Anamsalimia kama mgeni! Ni kizuri kuliko vyote viwili. Ila kuna kitu kinanisumbua: nikimaliza ukurasa nakaa kwanza, sifunui. Nakaa hivyo, halafu nakumbuka kwamba niko peke yangu. Ni baridi tu hii.

Ijumaa, 12 Juni

Matokeo! Wametangaza saa nne asubuhi. Watu mia mbili na zaidi walituma. Uji wangu haukuingia hata kumi bora. Mshindi anatoka Makambako. Nilisema! Si nilisema?

Siyo Hyasinta. Hyasinta hakutuma chochote.

Nyuma ya kitabu cha nne pataandikwa: "Nilikinunua ili nikichome moto. Nimekimaliza. Mwinjilisti Yoeli, Makambako."

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kasoro. Haina. Ni nzuri. Inaniuma kwamba ni nzuri. Na mimi ndiye niliyemtuma kwenye lile duka, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama amerudi kutoka kwenye kikao cha wanawake amefurahi. Anasema Mwinjilisti ameagiza vile vyangu viwili kutoka ofisi ya usharika wetu, avisome kwa mpangilio, na kwamba ni heshima kubwa kwa nyumba yetu. Nimemwuliza vitarudi lini. Amesema mtumishi wa Mungu hapangiwi.

Jumapili, 14 Juni

Hyasinta amejitoa kwenye kundi. Hakuaga. Imeandikwa tu, kwa yale maandishi madogo ya kijivu, kwamba ameondoka. Nimempigia mara mbili. Ya tatu nikaona ninajishusha.

Anasemekana ameacha na uwakala. Atauza madaftari na vitabu vya mitaala, vitabu ambavyo havimfanyi mtu agombane. Maana yake, kitabu cha nne kikija hakutakuwa na wa kunitangulia. Njia ni nyeupe kuanzia Dar mpaka mlangoni kwangu. Nilichokitaka hiki hapa. Nimekaa nacho tangu mchana, na bado sijakimaliza cha tatu. Zimebaki kurasa tisini na sina hamu. Ajabu.

Jioni Angela wa Igwachanya akaniandikia pembeni, siyo kwenye kundi. Amesema pole kwa kukosa ushindi, maneno yangu ya uji yalimchekesha mpaka mumewe akauliza kuna nini. Amesema yeye kule hana mtu wa kusoma naye. Akaomba, kama sitajali, kitabu cha nne kikitoka tukisome pamoja, yeye kwake na mimi kwangu, sura moja kila jioni, kisha tuambiane.

Nimeusoma ujumbe huo kwa makini. Kwa nini anichague mimi? Kwa nini sasa? Na kwa nini anashukuru kila kitu, mtu wa aina gani huyo? Mtu anayeshukuru hivyo ana anachokitafuta. Anataka ajue nitaandika nini kabla sijaandika. Sikuzaliwa jana.

Nimemjibu kwa upole kwamba nimepata habari za ndani: kitabu cha nne kimeahirishwa mpaka mwakani, labda kisitoke kabisa, asijisumbue kuulizia. Kinatoka Septemba.

Ameamini. Ameshukuru. Ameniita dada.